HTLV-1: Kirusi ndugu wa ukimwi ambacho hatukijui

Katika jamii zetu mtu akisikika tu kuwa ana virusi ndani ya damu, hukumu hutangulia uchunguzi. Atasemwa kuwa amezini, hata akiwa bibi wa miaka sabini ambaye hajapata kutoka kijijini kwake. Leo tutazame kirusi kimoja ambacho wengi hawajakisikia, nacho kinaibatilisha kabisa hukumu hiyo ya haraka. Kinaitwa HTLV-1.

HTLV-1 na kirusi cha ukimwi ni wa ukoo mmoja, ukoo wa retrovirusi. Kirusi cha ukoo huu kikishaingia ndani ya seli ya damu, hujipachika kwenye urithi wa seli hiyo, na hapo hakitoki tena. Kugunduliwa kwake kulitangazwa Marekani mwaka 1980, yaani miaka mitatu kabla ya kile cha ukimwi. Inakadiriwa kuwa watu milioni 5 hadi 10 duniani wanacho, na hao ni wa maeneo yaliyofanyiwa uchunguzi tu: kusini magharibi ya Japani, visiwa vya Karibi, Amerika ya Kusini, eneo la Mashhad nchini Iran, wenyeji wa asili wa katikati ya Australia, na Afrika ya Magharibi na Kati. Hata Shelisheli, jirani zetu wa Bahari ya Hindi, kipo.

Wengi wa wanaokibeba huishi mpaka kufa bila kuugua. Lakini katika kila 100, kati ya wawili na watano hupata saratani kali ya damu, na wengine wachache hupata ugonjwa wa uti wa mgongo ambao hukakamaza miguu taratibu, mkojo ukawa haushikiki, mpaka mtu akashindwa kutembea. Dawa ya kukiondoa haipo, wala chanjo.

Sasa kinaingiaje vijijini? Gabon ni mfano mzuri, kwa kuwa vijiji vyake vya msituni vimechunguzwa kwa miaka mingi. Huko, kadiri umri unavyoongezeka ndivyo wenye kirusi wanavyozidi, na wanawake ni wengi kuliko wanaume. Njia ya kwanza ni msitu wenyewe. Nyani, sokwe na gorila wana virusi vya jamii hii. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu wawindaji wa Afrika ya Kati ulikuta kuwa miongoni mwa waliowahi kung'atwa vibaya na wanyama hao, hasa gorila, karibu 9 katika 100 walikuwa na HTLV-1. Kwa wenzao ambao hawakung'atwa, hawakufika hata wawili katika 100.

Msomaji atasema, sisi nyani hatuwindi wala hatuli, basi yatuhusu nini? Yanatuhusu, kwa sababu kirusi kikishatoka kwa mnyama kuingia kwa binadamu, safari iliyobaki hakimhitaji tena mnyama. Kinahitaji damu, ndoa na maziwa.

Katika damu, kuna kuongezewa damu isiyopimwa na kuna sindano. Zama za Mfaransa, vikosi vya kupambana na malale vilizunguka vijiji vya Afrika ya Ikweta vikichoma maelfu ya watu kwa sindano chache zisizochemshwa sawasawa. Dakta Jacques Pépin wa Kanada na wenzake walichapisha mwaka 2010 uchunguzi uliowahusisha wazee wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, wakaonyesha uhusiano wa tiba zile na virusi hivi. Watu walipanga foleni watibiwe, wakarudi nyumbani na maradhi mengine!

Katika ndoa, hupita kwa wepesi zaidi kutoka kwa mume kwenda kwa mke. Zinaa huongeza hatari, hilo halina ubishi. Lakini mume aweza kuwa alikipata kwa mama yake akiwa mchanga, akaoa kwa halali, akamwambukiza mkewe katika halali. Hapo mzinifu ni nani?

Tuje kwenye maziwa, ambako jambo ni zito zaidi. Mama mwenye kirusi akinyonyesha muda mrefu, takriban mtoto mmoja kati ya watano huambukizwa. Mwaka 1987 mkoa wa Nagasaki huko Japani ulianza kupima wajawazito na kuwashauri wenye kirusi wasinyonyeshe. Maambukizi yakashuka hadi watoto wawili au watatu katika 100. Asije mtu akaisoma makala hii akaenda kumwachisha mkewe kunyonyesha! Nagasaki kuna maji safi na maziwa ya kopo. Kijiji kinachochota maji mtoni, mtoto asiyenyonya huharisha akafa leo, kabla ya saratani ya miaka hamsini ijayo. Sisi tunajua kuwa Surat al-Baqara imetaja miaka miwili kwa anayetaka kukamilisha, na humo humo wazazi wakaruhusiwa kumwachisha mapema kwa kuridhiana na kushauriana, au kumtafutia mnyonyeshaji mwingine. Kwa hiyo mama aliyepimwa na kukutwa nacho ana nafasi ya kushauriana na mumewe na daktari, na huyo mnyonyeshaji naye apimwe. Tatizo ni kwamba hakuna anayempima.

Kuna jambo jingine la vijijini lisilosemwa. Upo mnyoo mdogo, strongiloidi, unaoingia kwa kutoboa ngozi ya miguu ya anayetembea peku. Kwa mwenye HTLV-1 mnyoo huu huzaliana bila kizuizi na waweza kusambaa mwili mzima ukamuua, hasa akipewa dawa za steroidi. Daktari wa wilaya asiyejua hili aweza kummaliza mgonjwa kwa nia njema kabisa.

Hapa Tanzania damu ya kuchangia hupimwa VVU, homa ya ini B na C, na kaswende. Kipimo cha VVU hakionyeshi HTLV-1, ni vitu viwili mbalimbali. Basi mzee anayekakamaa miguu mwaka hadi mwaka akipimwa ataambiwa hana kitu, na jamaa watamtafuta aliyemroga. Wizara ya Afya ingeanza japo kwa kupima sampuli za wachangiaji damu katika mikoa michache, ijulikane kama kipo na ni kwa kiasi gani.