Hewa Tuivutayo Kampala

Mtu akiulizwa hapa Kampala habari za uchafu wa hewa, mara nyingi atataja vumbi jekundu. Vumbi hilo twaliona kwa macho: latua juu ya majani ya migomba kando ya njia, juu ya kola za mashati yetu, na juu ya vyakula vya wachuuzi. Lakini katika somo hili nataka kuonyesha ya kuwa uchafu unaotudhuru zaidi ni ule tusiouona, na ya kuwa hauko sawasawa mahali pote wala saa zote. Mwenye kujua mahali na saa aweza kupunguza madhara yake, hata kama hana uwezo wa kuondoa gari moja barabarani.

1. Kilichomo hewani

Hewa safi ni mchanganyiko wa gesi. Katika sehemu 100 za hewa kavu, 78 ni naitrojeni na 21 ni oksijeni. Iliyobaki ni gesi nyingine kidogo kidogo. Uchafu huingia humo kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni gesi zenye sumu, kama kaboni monoksidi itokayo katika makaa yasiyoungua vema, na oksidi za naitrojeni zitokazo katika injini. Namna ya pili ni chembe ndogo za moshi, masizi na vumbi.

Chembe hizo hupimwa kwa maikromita. Ukigawanya mita moja katika sehemu milioni moja, kila sehemu ni maikromita moja. Wataalamu huziogopa hasa chembe zisizozidi maikromita 2.5. Unywele wa kichwani una unene wa maikromita 50 hadi 70 hivi. Basi chembe 20 za namna hiyo zaweza kupangwa mstari mmoja katika unene wa unywele, na nafasi isijae.

Udogo huo ndio hatari yenyewe. Vumbi kubwa hunaswa na vinyweleo vya pua na ute wa koo, nasi twalitoa kwa chafya na kikohozi. Sisemi ya kuwa halina madhara, lakini mwili unazo silaha za kupigana nalo. Chembe ndogo hupita silaha hizo zote, zikashuka mpaka katika vifuko vya hewa vya mapafu, mahali oksijeni inapoingia katika damu. Zile ndogo kabisa hupenya zikaingia katika damu yenyewe. Kwa hiyo madhara yake si kikohozi na pumu tu, wala nimonia ya watoto tu, bali pia maradhi ya moyo, kiharusi na kansa ya mapafu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria ya kuwa katika mwaka 2019 watu milioni 4.2 walikufa kabla ya wakati wao kwa sababu ya uchafu wa hewa ya nje.

2. Kifuniko cha alfajiri

Mji wetu umejengwa juu ya vilima, na katikati yake mna mabonde. Jambo hilo lina maana kubwa kwa somo letu. Usiku ardhi hupoa upesi. Hewa iliyo karibu na ardhi nayo hupoa, ikawa nzito, ikateremka mabondeni kama maji. Juu yake hukaa hewa yenye joto zaidi kidogo. Hapo hewa ya chini haiwezi kupanda. Imefunikwa kama sufuria.

Chini ya kifuniko hicho, kabla jua halijapanda, watu huwasha sigiri za makaa wapate chai, teksi na bodaboda huanza safari, malori ya dizeli hupanda milima yakitoa moshi mweusi, na huku na huku majalala huchomwa moto. Moshi huo wote hauna pa kwenda. Jua likishapanda na kuichoma ardhi, hewa ya chini hupata joto, huwa nyepesi, hupanda na kuuchukua moshi. Kisha jioni giza likiingia, kifuniko hurudi, na sigiri za chakula cha usiku na magari ya watu warudio makwao huanza tena.

Mfano mkubwa wa kifuniko cha namna hii ulionekana mbali na kwetu. Kuanzia tarehe 5 hadi 9 Desemba 1952, mji wa London ulikuwa na baridi kali bila upepo. Moshi wa makaa ya mawe kutoka majumbani na viwandani ulikwama chini, hata watu wakashindwa kuona njia mchana. Serikali ilihesabu vifo vipatavyo 4,000 vilivyotokana na moshi huo; watafiti wa baadaye walikadiria ya kuwa huenda vilifika 12,000. Mwaka 1956 Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya hewa safi.

Mtu asidhani ya kuwa hayo ni mambo ya zamani tu. Katika mji huo huo, mwezi Februari 2013, msichana wa miaka tisa aitwaye Ella Adoo-Kissi-Debrah alikufa kwa pumu. Nyumba yao ilikuwa karibu na barabara yenye magari mengi. Mama yake hakuchoka kuuliza sababu, na mwezi Desemba 2020 afisa wa kuchunguza vifo alitamka ya kuwa uchafu wa hewa ulichangia kifo chake. Angalieni, ndugu zangu: hewa ile haikuwa na giza kama ile ya 1952. Watu waliipita kila siku wakiiona safi.

3. Kupima usichokiona

Kama macho hayatoshi, tutajuaje? Kwa vipimo. Mwaka 2015 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Makerere walianzisha kazi iitwayo AirQo. Walitengeneza vyombo vidogo vya bei nafuu vinavyostahimili joto na vumbi la nchi zetu, wakavifunga juu ya majengo na hata juu ya bodaboda. Mtu mwenye simu aweza kusoma hali ya hewa ya mtaa wake kwa saa ile ile. Sasa vyombo hivyo vimefika katika miji mingine ya Afrika.

Kiwango kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 kwa chembe za 2.5 ni maikrogramu 5 katika kila mita ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa mwaka mzima. Vipimo vya Kampala vimeonyesha wastani unaozidi kiwango hicho mara kadhaa. Tena vimeonyesha mambo manne: miezi ya kiangazi ni mibaya kuliko miezi ya mvua, kwa kuwa mvua huosha hewa, asubuhi na usiku ni vibaya kuliko alasiri, mabondeni hewa huwa nzito kuliko vilimani, na kando ya barabara kuu ni kubaya kuliko nyuma ya majengo na miti.

4. Hesabu ya mbio

Sasa tufanye hesabu. Mtu aliyeketi huvuta pumzi kama mara 12 kwa dakika, na kila pumzi ni nusu lita hivi. Basi kwa dakika moja huvuta lita 6, na kwa saa moja lita 360. Mtu anayekimbia kwa nguvu aweza kuvuta pumzi mara 30 kwa dakika, na kila pumzi lita 2. Hizo ni lita 60 kwa dakika. Kwa nusu saa atakuwa amevuta lita 1,800.

Gawanyeni 1,800 kwa 360, mtapata 5. Maana yake, nusu saa ya mbio ni sawa na saa tano za kuketi katika hewa ile ile. Na ikiwa hewa ya asubuhi ina chembe mara mbili ya hewa ya alasiri, nusu saa hiyo yawa sawa na saa kumi za kuketi alasiri. Tena mkimbiaji huvuta kwa kinywa, naye hupitisha hewa mahali pasipo vinyweleo vya pua.

Hapa ndipo somo linapotugusa. Shuleni kwetu mbio za lazima huanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Twateremka bondeni, twafuata barabara kuu, kisha twarudi mlimani. Miongoni mwa wakimbiaji wamo wadogo wa kidato cha kwanza, na wamo wenye pumu. Najua ya kuwa wanafunzi wa zamani wazipenda sana mbio hizo, na wengine watasema, "Sisi tulikimbia njia hiyo hiyo, na tuko hai." Kwa heshima yote, wazee wetu, siku zenu magari ya barabara ile yalikuwa machache. Desturi ni ile ile, lakini hewa si ile ile.

Wala siombi mbio zifutwe. Mazoezi huupa moyo na mapafu nguvu, na mtu asiyekimbia kabisa hajipatii faida. Naomba mambo mawili tu: mbio zihamishwe saa kumi alasiri, kabla magari ya jioni hayajasongamana, na njia iwe ile ya juu, inayozunguka kilima nyuma ya kanisa. Jua la saa kumi ni kali, lakini kofia na maji ya kunywa vyatosha kulikabili. Kwa chembe za asubuhi leso ya kitambaa haifai kitu, maana hupita katikati ya nyuzi zake.

5. Mengine tuwezayo

Kwanza, tuache kuchoma takataka nyuma ya jiko la shule. Mifuko ya plastiki ikiungua hutoa sumu kali, na upepo huipeleka bweni la wadogo. Maganda na mabaki ya chakula yafukiwe yawe mbolea.

Pili, mtu asiingize sigiri yenye makaa katika chumba cha kulala, hata kama kuna baridi. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu. Hushika nafasi ya oksijeni katika damu, na aliyelala haamki.

Tatu, tusikate tamaa kwa ukubwa wa jambo. Zamani petroli ilitiwa risasi, na watoto wa mijini waliivuta hewa yake. Nchi za Afrika kusini ya Sahara zilipatana kuiacha, na kufikia mwanzo wa mwaka 2006 ilikuwa imeondolewa. Magari hayakusimama kwa sababu hiyo.

Zoezi kwa vidato vya chini: Kwa siku 30, simameni uwanjani saa moja asubuhi na saa kumi alasiri, mkitazama kilima cha ng'ambo. Andikeni kama mwaona miti mmoja mmoja, au umbo la kilima tu, au hamwoni kitu. Chembe moja haionekani, lakini zikiwa nyingi huzuia mwanga. Andikeni pia siku za mvua na za ukungu, msije mkahesabu ukungu kuwa moshi. Mkimaliza, lileteni daftari katika baraza la wanafunzi, tulisome siku tutakapojadili saa ya mbio.