SOMO LA JAMAA: MAMA AKIISHA KUFA, TUMKUMBUKE NAMNA GANI?

Kusoma: Mwanzo 23, Mezali 31:10-31, Matendo 9:36-42



Somo la leo ni la jamaa zote, sababu hakuna mtu asiyezaliwa na mama. Wengine wenu mama yenu angali nyumbani, anaota moto jikoni, mshukuruni Mungu. Wengine tumekwisha kumzika. Mama yangu alilala miaka mitatu iliyopita. Ninaandika somo hili si kwa sababu nilitenda vema siku zile. Nilikosa, na Mungu alinirudisha kwa kinywa cha mdogo wangu.

1. KAZI YA MAMA WA VILIMA HIVI

Sisi watu wa Masereka tunajua baridi ya asubuhi. Ukungu ungali umefunika mabonde, na mama amekwisha kutoka, jembe begani, mtoto mgongoni. Jioni anapanda kilima na mzigo wa kuni au wa viazi, kamba imemkaza kwenye paji la uso. Viazi vya Ulaya, puaro, shu na karoti ambavyo watu wa Butembo wananunua sokoni, vingi vimetoka katika mikono kama hiyo. Anayekula hajui jina la mwenye kulima.

Baba yangu alikufa nilipokuwa katika mwaka wa ine wa masomo ya msingi. Tulibaki watoto wane. Mama hakujua kusoma, lakini alijua siku ya kulipa masomo kuliko mimi. Wiki ile ikikaribia, aling'oa puaro, akazifunga mafungu, akazipeleka mwenyewe barabarani kungoja gari. Nilimaliza sekondari kwa puaro. Ningali nakumbuka harufu yake katika vikwembe vyake.

Someni Mezali 31. Mwanamke anayesifiwa pale anaamka usiku, ananunua shamba, anapanda, anafungulia maskini mkono wake. Na sura inapokwisha, angalieni ni kitu gani kinachomsifu mbele ya watu mlangoni pa mji: ni kazi zake mwenyewe. Tushike neno hilo, tutalirudia.

2. KOSA LANGU

Mama alipokufa, watu wengi walikuja kwenye matanga. Wengine walisema: "Wewe ni shemasi, umesoma, mama yako hawezi kulala chini ya udongo tu." Neno lile liliniingia. Nikaona moyoni kaburi la simenti, lenye tarazo juu na jina lililochorwa vizuri. Makuta sikuwa nayo. Nikafikiri juu ya shamba la mama, lile la chini karibu na kijito, lenye udongo mweusi. Nikatafuta mnunuzi, akanipa avansi, nikainunulia mifuko ya kwanza ya simenti. Wadogo wangu sikuwauliza. Nilijisemea: mimi ni mkubwa, mimi ni mwanaume.

Mdogo wangu wa kike ndiye aliyebaki na mama miaka yote ya ugonjwa. Alimwogesha, akampikia uji, akalima shamba lile ili mama apate dawa. Siku ya mkutano wa jamaa alininyamazia mpaka nilipomaliza kusema. Kisha akasema: "Yaya, simkatalii mama kaburi. Lakini uniambie, simenti hiyo mama aliiomba siku gani? Mimi nilikuwa naye. Aliomba mbegu zisioze."

Nilikasirika. Nikamwambia kwamba yeye ataolewa, shamba ni la wanaume. Watu wakaondoka kwa uchungu.

Siku ya pili asubuhi, mjane mmoja wa mtaa wetu alifika na kikapu. Ndani mlikuwa viazi vya mbegu, vilivyoanza kutoa macho. Akasema: "Mama yenu aliniazima mbegu mwaka jana, watoto wangu walipokuwa na njaa. Alisema nirudishe nikivuna. Nimevuna, yeye hayupo. Nimpe nani?" Kabla ya juma kuisha wakaja wengine wawili, kila mmoja na kikapu chake. Halafu akaja mama wa nne, yeye akidai: mama yetu alikuwa na deni lake katika likelemba, zamu moja haijalipwa.

Wapendwa, niliona haya. Nilikuwa nimesimama mbele ya watu kwenye matanga nikitoa historia ya mama yangu, na sikujua jambo hata moja katika hayo. Mdogo wangu alijua yote. Wale wajane walijua. Mimi niliyetaka kuchora jina lake juu ya simenti ndiye niliyekuwa simjui.

3. DORKA WA YOPA

Ndipo nilifungua Matendo 9. Kulikuwa katika mji wa Yopa mwanafunzi jina lake Tabita, ndiyo Dorka. Aliugua, akafa. Petro alipofika, wajane walimzunguka wakilia. Je, walimwonyesha nini? Hawakumwonyesha sanduku la bei wala mahali pa kaburi. Walimwonyesha nguo ambazo Dorka aliwashonea alipokuwa pamoja nao. Kila mjane alishika ukumbusho wake mkononi.

Wajane wale watatu waliokuja kwetu na vikapu ni wajane wa Yopa. Viazi vile ni nguo za Dorka. Nilikuwa nikitafuta kumjengea mama ukumbusho, kumbe alikwisha kuujenga mwenyewe, nami nilikuwa karibu kuuza udongo wake.

4. JE, KUZIKA KWA HESHIMA NI VIBAYA?

Hapana. Mtu asitwae somo hili kama ruhusa ya kumzika mama yake kwa uvivu. Sara alipokufa, mwenye miaka 127, Ibrahimu alimlilia, kisha akatafuta mahali pa kumzika. Wenyeji walitaka kumpa bure, naye akakataa. Akalipa shekeli 400 za feza kwa shamba la Makpela, mbele ya mashahidi.

Lakini angalieni mambo mawili. Ibrahimu alilipa kwa mali yake mwenyewe, hakumnyang'anya Isaka chakula ili amzike Sara. Na alifanya wazi mlangoni pa mji, hakufanya kwa siri kama mimi. Ukiwa na nguvu ya kujenga kaburi, jenga na Mungu akubariki. Ukiwa huna, mawe ya kijito na maua vinatosha. Ubaya ni kaburi linalolipwa na njaa ya walio hai, na deni la marehemu likibaki kwa jirani.

5. MAMA MUILU MARIE

Tuwe pia na mfano wa Afrika, wa inchi yetu hii. Upande wa magharibi, kule Nkamba katika Kongo-Central, nabii Simon Kimbangu alianza kazi yake tarehe 6 Aprili 1921. Mwezi wa Septemba mwaka ule alikamatwa, na tarehe 3 Oktoba akahukumiwa kufa. Hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Akakaa gerezani miaka 30, mbali sana na kwake, mpaka akafa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, tarehe 12 Oktoba 1951.

Nani alibaki nyumbani? Mke wake, Mama Muilu Marie, na wana watatu: Kisolokele, Dialungana na Diangienda. Wa mwisho alikuwa na miaka 3 tu baba alipochukuliwa. Mama huyu aliwalea wana bila baba. Tena aliwashikilia waaminifu, waliokuja kwa siri wakati serikali ya Wabelgiji ilipokataza maombi yao. Alilala tarehe 27 Aprili 1959. Miezi minane baadaye, tarehe 24 Desemba 1959, serikali ilikubali kanisa lile kwa sheria. Yeye hakuiona siku ile.

Lakini wana aliowalea ndio waliosimama kuongoza kazi. Kanisa lile linamkumbuka mpaka leo. Na linafundisha maneno matatu kwa Kilingala: Bolingo, Mibeko, Misala, yaani upendo, amri, na matendo. Neno la tatu ndilo somo letu. Ukumbusho wa mama yule ni kazi iliyoendelea alipokuwa hayupo. Kama wana wangemjengea kaburi zuri na kuacha kazi, leo nani angejua jina lake?

6. NENO KWA WALE WASIOFIKA KABURINI

Kuna wandugu kati yetu ambao swali la kaburi linawachoma kwa namna nyingine. Ugonjwa wa Ebola ulitangazwa kwetu Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, ukaisha tarehe 25 Juni 2020. Watu zaidi ya 2,200 walikufa. Beni, Butembo na Katwa walilia sana, na Masereka pia ulifika. Wengi hawakuruhusiwa kumwogesha mama yao wala kumgusa. Walisimama mbali wakiangalia watu wa mavazi meupe wakishusha sanduku. Wengine waliomba ruhusa hiyo kwa machozi. Lakini ilikuwa lazima, sababu mwili wa aliyekufa kwa Ebola unaambukiza.

Upande wa Beni, tangu Oktoba 2014, wauaji wamewamaliza watu mashambani, na kuna makaburi ambayo watoto wanaogopa kuyafikia. Mwaka 2024, vita ilipofika Kanyabayonga, wengi wa kusini mwa Lubero walikimbia, wakaacha makaburi na mashamba nyuma.

Je, hao hawawezi kumkumbuka mama? Kama ukumbusho ni simenti, basi hawawezi. Lakini kama ukumbusho ni kazi zake, wanaweza popote walipo, hata katika nyumba ya kupanga, hata chini ya hema. Ndugu, kama hukumwogesha mama yako, Mungu hakuandikii hilo kuwa kosa. Fanya tendo moja ambalo yeye angelifanya kwa jirani. Hapo umemheshimu.

7. TUFANYE NINI?

Kwanza, tulipe madeni ya mama kabla ya kuondoa matanga. Tuulize majirani wazi: nani alimdai, naye alimdai nani?

Pili, tuwape wadada haki yao. Desturi yetu mara nyingi inampa mwanaume shamba. Lakini Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987, iliyotengenezwa tena mwaka 2016, inawahesabu watoto wote wa marehemu kuwa warithi, wanaume na wanawake, kwa mafungu sawasawa. Na kabla ya sheria hiyo, Musa alileta shauri la binti za Selofehadi mbele ya Mungu, na Mungu akajibu kwamba wana haki (Hesabu 27). Shemasi hawezi kukosa kujua hilo. Mimi nilijua, nikalificha.

Tatu, tuulize habari za mama kwa wale waliokaa naye, na tuwasimulie watoto wetu. Timoteo alijua imani yake imetoka kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Mtoto asiyejua kazi ya bibi yake ataidharau.

Ine, tushike kazi moja ya mama na kuiendeleza.

Tano, ninyi ambao mama angali hai, msingojee. Nguo nzuri ya kumzikia, mnunulieni aivae akiwa hai. Mzigo wake, mchukueni leo.

MWISHO WA HABARI YANGU

Nilikwenda kwa mnunuzi, nikamwomba rehema. Alikuwa mtu mwema, lakini avansi ni avansi. Niliuza baiskeli yangu na mbuzi wawili, nikamrudishia yote. Simenti niliyokwisha kununua tulitengenezea sakafu ya chumba cha mdogo wangu, pale mama alipolala akiugua. Deni la likelemba tulilipa sisi wane pamoja. Mbele ya jamaa yote nilimwomba mdogo wangu msamaha. Alilia, nami nililia. Hakunijibu siku ile. Alinijibu majuma mawili baadaye, aliponituma mtoto kuniita: "Yaya, kuja tupande."

Shamba tuliligawanya sawasawa. Mbegu za vikapu vile vitatu tulizipanda karibu na kijito. Tulipovuna, tulichagua mbegu nzuri tukaziazima kwa wajane, kama alivyofanya yeye. Na kila msimu tunafanya hivyo. Kaburi la mama lina mawe na maua. Ninapita pale nikienda Ibada, na sasa moyo haunihukumu.

MASWALI YA KUJIBU KATIKA JAMAA

1. Wajane wa Yopa walimwonyesha Petro nini? Majirani wangeonyesha nini cha mama yako?
2. Ni kazi gani moja ya mama yako imesimama tangu alipokufa? Nani ataishika?
3. Je, kuna dada katika jamaa yenu anayelia juu ya urithi? Mmekaa naye kumsikiliza?
4. Kuna deni la marehemu ambalo halijalipwa?

Bwana awatulize wote wanaolia mama, kama alivyomtuliza Isaka kisha kufa kwa Sara. Na atupe mikono ya kazi kama mikono ile iliyotulea. Amina.

Ni mimi ndugu yenu, shemasi.