SOMO: KWA NINI MBEGU CHOTARA YA MAHINDI HAIRUDIWI KUPANDWA

Kila msimu wa kupanda unapokaribia katika Mbeya na Iringa, makatibu wa vyama hukutana na hoja moja. Mwanachama amechagua magunzi makubwa ghalani mwake, naye haoni sababu ya kununua mbegu. Mahindi ya mwaka uliopita yalikuwa chotara na yalistawi. Kwa nini yasipandwe tena? Jibu limo katika kanuni za urithi wa mimea.

Ndani ya kila mmea zimo jeni, yaani vibeba urithi vinavyoongoza urefu wa shina, siku za kukomaa na uwezo wa kuhimili magonjwa. Mmea hupokea nusu ya jeni kutoka kwa mzazi dume na nusu kutoka kwa mzazi jike. Mwaka 1866 Gregor Mendel, mtawa wa mji wa Brno, alichapisha matokeo ya majaribio yake ya njegere. Alipochanganya ndefu na fupi, uzao wa kwanza wote ulikuwa mrefu. Uzao huo ulipojizalia, ufupi ulirudi kwa mche mmoja katika kila minne. Haukuwa umepotea, ulikuwa umefichika.

Mahindi hufuata kanuni hiyo hiyo. Mwaka 1908 George Shull wa Marekani alionyesha kwamba mahindi yaliyojichavusha yenyewe kwa vizazi kadhaa hudhoofika, lakini jamii mbili za namna hiyo zikichanganywa, uzao wake huwa na nguvu nyingi. Huko Kitale, Kenya, chotara H611 ilitolewa mwaka 1964 kwa kuchanganya mahindi ya Kitale na ya Ecuador. Baadaye wakulima wa Nyanda za Juu Kusini walipanda H614 ya Kitale na H6302 ya Tanzania, na kituo cha utafiti cha Uyole, Mbeya, kikatoa chotara kama UH615 na UH6303.

Nguvu hiyo ni ya uzao wa kwanza. Punje zikirudiwa kupandwa, jeni hugawanyika upya: miche mingine mirefu, mingine mifupi, na mingine hukosa punje za kutosha. Chotara ya jamii mbili safi hupoteza kiasi cha nusu ya nguvu iliyoongezwa na uchanganyaji. Mavuno hupungua, lakini deni la mbolea halipungui. Hapo ndipo hasara humfikia mwanachama, na chama chake pia.

Si kila mbegu iko hivyo. Maharage hujichavusha yenyewe, hivyo aina kama Uyole 96 huweza kuhifadhiwa kwa misimu kadhaa, mradi punje zenye ugonjwa ziondolewe. Mahindi yasiyo chotara, kama UCA, nayo huhifadhiwa. Magunzi yachaguliwe katikati ya shamba, kwa sababu upepo huleta chavua ya jirani pembezoni.

Kwa hiyo katibu aandike katika daftari aina ya mbegu ya kila mwanachama, na aagize chotara mapema kabla ya mvua.

Maswali ya mkutano
1. Kwa nini ufupi wa njegere ulirudi?
2. Ni mbegu zipi za wanachama zinazoweza kuhifadhiwa?
3. Chama kinahitaji kuagiza kilo ngapi za chotara?