Tikal: Mji Uliokinga Mvua

Mji wa Tikal, uliojengwa na Wamaya katika misitu ya kaskazini mwa Guatemala, hauna mto wala ziwa. Mvua hunyesha kwa wingi, kisha hufuata miezi ya kiangazi, na maji hupotea upesi ndani ya miamba ya chokaa. Hata hivyo maelfu ya watu waliishi humo kwa karne nyingi.

Wageni hustaajabia mahekalu, hasa Hekalu la Nne, lililojengwa yapata mwaka 741, lenye kimo cha meta 65 hivi. Lakini viwanja vilivyo chini yake vyastahili kuangaliwa zaidi. Vilisakafiwa kwa chokaa na kuinamishwa kidogo, ili maji ya mvua yatiririke hadi kwenye malambo. Katika lambo la Corriental, wachunguzi walitangaza mwaka 2020 kuwa wamekuta mchanga wenye zeolaiti, madini yenye vitundu vidogo mno vinavyonasa uchafu. Mchanga huo haukuwa wa hapo mjini. Uliletwa makusudi ili kuchuja maji.

Malambo yaliyo karibu na ikulu hayakuwa na bahati hiyo. Majengo yalipakwa rangi nyekundu ya sinaba, ambayo ina zebaki, na mvua iliiosha rangi hiyo ikaingia katika maji. Tope la karne ya tisa limekutwa na zebaki nyingi, pamoja na dalili za vijidudu vitoavyo sumu. Mtawala alikunywa sumu iliyotoka katika kuta zake mwenyewe. Ukame nao ulizidi. Jiwe la kumbukumbu la mwisho lenye tarehe lilisimamishwa mwaka 869.