Kata Kona, Panda Juu: Namna ya Kumwelekeza Mgeni Njia Mjini Arusha

Aghalabu mtu aulizwapo njia hujibu kwa maneno aliyoyazoea mwenyewe, asijali kama yule aliyeuliza anayafahamu. Na hapa Arusha, ambako kwa siku moja huenda akaulizwa na mkulima wa Ngaramtoni, na dereva wa lori la Kigali, na mtalii anayekwenda Momella, tabia hii imewazungusha watu wengi bure na kuwamalizia mafuta. Mimi kwa kazi yangu ya kupokea wageni nimelazimika kujiwekea kanuni, nazo ndizo nizielezazo hapa, hasa juu ya yale maneno ya Kiingereza ya kugeukia na kukunjia ambayo madereva wetu wamekwisha kuyafanya mali yao.

La kwanza katika hayo ni kona, neno ambalo kwetu ni mahali na tendo pia, kwani mtu hukata kona, hula kona, na akiwa na haraka hutambia kwamba hakuna kona inayomshinda. Walakini kumwambia mgeni “kata kona” bila kuitaja kona yenyewe ni kumwachia nusu ya habari, maana mjini kila baada ya maduka machache pana kona nyingine. Sharti iwe kona ya kitu: kona ya msikiti, kona ya sheli, kona ya mti mkubwa; na hicho kitu kiwe kile kisichohamishika, wala si meza ya muuza mahindi, ambaye mvua ikinyesha huondoka na jiko lake. Kisha pambanua baina ya kukunja na kuingia, kwa kuwa barabara kubwa hukunjwa, ilhali kijia cha vumbi kati ya nyumba mbili huingiwa, na mgeni asikiapo “ingia” hujua kwamba mwendo sasa upunguzwe.

Kwa mtalii hadhari nyingine yahitajika. Vijana wetu wakishaona kwamba kona ni neno la Kiingereza hudhani na “kata kona” itavuka hivyo hivyo, wakasema “cut the corner”, na kwa Mwingereza hiyo ni kuikatiza pembe badala ya kuifuata, au hata kufanya kazi kwa ulipuaji. Waseme “turn left” ama “turn right”, wainue na mkono, basi.

Kipilefti ndilo neno linihangaishalo zaidi, na kwa hiyo sitaliharakisha. Ni amri iliyokuwa ikiandikwa kwenye kibao, ya kumtaka dereva ashike kushoto. Watu wakaichukua kuwa ndiyo jina la duara lenyewe, wakalipa na wingi wake, vipilefti, kana kwamba limezaliwa pamoja na kiti na kisu. Arusha inavyo vinavyojulikana na kila mtu: cha Mnara wa Saa, cha Impala, na kile cha Mnara wa Azimio, uliojengwa kwa ukumbusho wa Azimio la mwaka 1967. Sasa fikiri kwamba mji huu ndio makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na katika nchi zake 8 ni 3 tu, yaani Tanzania, Kenya na Uganda, ambazo magari yake hupita kushoto. Rwanda, Burundi, Kongo, Sudan Kusini na Somalia hupita kulia. Dereva wa huko akifika kipilefti, mazoea yake yote humvuta alizunguke duara kinyume. Huyo simwambii “kunja kulia” hata kama aendako ni kulia. Humwambia kwanza azunguke kama mishale ya saa iendavyo, ahesabu matokeo, na atoke kwenye la ngapi.

Yutani na rivasi zisichanganywe: apigaye yutani hugeuza uso wa gari akarudi alikotoka, apigaye rivasi hurudi nyuma uso ukiwa pale pale. Katika barabara ya njia mbili ya kutoka Sakina hadi Tengeru, ambayo kati yake pana ukingo, nyumba iliyo upande wa pili haifikiwi kwa kukunja kulia popote upendapo. Mwambie mgeni aipite, afike penye uwazi, ndipo apige yutani. Baipasi nayo itaje kwa jina hilo hilo, maana ukiita mchepuko watu watacheka kwanza ndipo wakujibu.

Lakini maneno yote haya ni ya usukani, na usukani haujui ulipo. Arusha imejaliwa Mlima Meru, wenye urefu unaozidi mita 4,500, uliosimama kaskazini ya mji, hata wenyeji wakisema “panda juu” maana yake ni kuelekea mlimani, na “teremka chini” ni kuupa mgongo, kwenda Njiro na Unga Limited. Kibla nayo, kwa tafauti ndogo, iko jiha hiyo hiyo ya mlima. Mzee mmoja wa Tanga alinipigia simu akiwa Mnara wa Saa, akitafuta Uwanja wa Sheikh Amri Abeid.

“Mwanangu, nikunje wapi?”

“Shikamoo, mzee. Mlima unauona?”

“Marahaba. Nauona.”

“Uko mkono gani?”

“Wa kuume.”

“Basi umetazama magharibi. Shika Barabara ya Sokoine moja kwa moja. Uwanja uko mkono huo huo wa mlima.”

Kadhalika aendaye Usa River kutoka mjini mlima humkalia kushoto, na kona ya kwenda Ngurdoto na Momella iko kushoto vile vile.

Masika mawingu huuficha mlima mchana kutwa. Hapo muulize mgeni, afikapo darajani, maji yanakwenda upande gani, kwani Themi, Naura na Goliondoi zote hushuka kutoka Meru kwenda kusini. Usiku, ambapo wala mlima wala maji hayaonekani, usijisumbue kumwelekeza: mwambie asimame kwenye sheli iliyo karibu naye, mpelekee kijana wa bodaboda amtangulie, na nauli mpatane kabla hajawasha pikipiki.