Hedhi haijarudi, je, tungoje?

SWALI: Daktari, binti yangu ana miaka 17, amejifungua wiki tano zilizopita. Nataka arudi shule. Nesi alitaja kijiti cha kupanga uzazi, lakini majirani wanasema msichana mdogo akiwekwa kijiti atakuwa tasa. Ananyonyesha na hedhi haijarudi. Si tungoje kwanza? – Mama, Burat, Isiolo

JIBU: Mama, msingoje hedhi. Yai huweza kukomaa kabla ya damu ya kwanza kuonekana, kwa hiyo mtu anaweza kushika mimba akiwa hajaona siku zake hata mara moja tangu ajifungue.

Kunyonyesha kunakinga, tena vizuri sana, mradi mambo matatu yawe pamoja: mtoto hajafikisha miezi sita, hedhi haijarudi, na mtoto hapewi chochote ila titi, mchana na usiku. Hilo la mwisho ndilo huvunjika. Jua la Isiolo likiwaka, nyanya huona mtoto ana kiu akampa maji. Mama akichelewa mjini, mtoto huongezewa maziwa ya mbuzi. Binti yako akirudi darasani, saa za kunyonyesha zitapungua. Kinga italegea na hakuna dalili itakayowaonya.

Kijiti hakimfanyi mtu tasa. Huwekwa chini ya ngozi ya mkono, hufanya kazi miaka mitatu au mitano kulingana na aina, na kikitolewa uwezo wa kuzaa hurudi upesi. Shirika la Afya Duniani linakikubali hata kwa anayenyonyesha, tangu anapojifungua. Kitakachobadilika ni hedhi: matone yasiyo na ratiba, au kukosa kabisa. Aambiwe mapema, maana wengi hukimbilia kukitoa kwa hofu hiyo tu.

Nadhani uvumi wa utasa umetokana na sindano ya miezi mitatu. Ukiiacha, mimba yaweza kuchelewa miezi kadhaa, lakini kuchelewa si utasa. Anayenyonyesha huanza sindano hiyo wiki ya sita. Tembe zenye homoni mbili zingoje mtoto afikishe miezi sita. Na kwa kuwa njia hizi hazizuii virusi vya Ukimwi, kondomu bado ina kazi yake.

Shirika hilohilo linashauri ipite angalau miezi 24 tangu kujifungua hadi mimba nyingine. Kwa mwili ambao wenyewe bado unakua, muda huo ni wa lazima.

Wiki ijayo mtoto anadaiwa chanjo ya wiki sita. Mwende pamoja, kisha umwombe nesi aongee na binti yako peke yake kwanza. Umeniuliza kwa upendo, Mama, lakini mwili ni wake, na njia aliyochaguliwa na mtu mwingine huachwa mapema. Asipotaka kijiti, asilazimishwe; aelezwe njia nyingine.

Shule haina ruhusa ya kumkataa: mwongozo wa Wizara ya Elimu wa 2020 unamruhusu arudi. Na kuna jambo hukulitaja. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 humlinda kila aliye chini ya miaka 18. Ikiwa aliyempa mimba ni mtu mzima, au bado anamfuata, piga 116, simu ya bure ya kusaidia watoto.