Mkeka wa Simuni

Neno "mkeka" limepata maana ya pili siku hizi. Ukiwa stendi ya Tarime au Mugumu, au mpakani Sirari, ukasikia kijana akilalamika kwamba mkeka wake umechanika, usidhani asema juu ya kitu cha kulalia. Ni orodha ya mechi alizobashiri kwa simu, nayo moja imemwangusha.

Hatuulaumu mchezo kwa kuwa ni mchezo. Wazee walicheza bao, kisha wakainuka kwenda kukama ng'ombe. Lakini mchezo wa simu umeundwa usiishe: hata saa nane ya usiku nchi za mbali zacheza mpira, na pasipo mechi kipo kile kindege kirukacho kitambo kidogo na kutoweka na fedha za mtu.

Tutazame hesabu, maana wengi hawaitazami. Mtu abashiri mechi 10, na tuseme kila moja ana nafasi ya nusu kwa nusu. Nafasi ya kuzipatia zote ni 1 tu katika 1,024. Akipatia 9, hasemi "Nimekosa", asema "Nilikaribia!" Wachunguzi wa akili wametambua kwamba kukosa kwa karibu namna hii kwamchochea mchezaji arudi. Basi kesho aweka zaidi, akizitafuta zilizopotea jana.

Kitu cha kwanza kupotea ni usingizi. Kisha yafuata fedha ya kahawa, ujira wa Nyamongo, sare za watoto, halafu mikopo ya simuni. Mke akiuliza, aambiwa kwamba fedha amekopeshwa rafiki. Uongo huo twauona ghali kuliko yote, kwa kuwa fedha zaweza kutafutwa tena. Sheria yawakataza walio chini ya miaka 18 kucheza kamari. Walakini simu iliyosajiliwa kwa jina la baba haiujui mkono unaoishika.

Shirika la Afya Duniani limeuweka utumwa wa kamari, na ule wa michezo ya kompyuta na simu, katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika 1 Januari 2022. Dalili zake: mtu hawezi kujizuia, autanguliza mchezo mbele ya mambo mengine, na aendelea ijapokuwa aona hasara. Nayo Katekisimu ya 1992, fungu la 2413, haiikatai bahati nasibu yenyewe, bali yaikataa imnyimapo mtu au jamaa zake mahitaji yao. Basi matusi hayatamponya mgonjwa huyu.

Yafaa kwanza amwambie mtu mmoja deni lote, si nusu yake. Akaunti za kubeti zifungwe, na namba ya siri ya fedha za simu aishike mkewe au nduguye kwa muda. Ujira uwekwe VICOBA siku ile ile. Jamaa wakiuza ng'ombe kumwokoa, wamlipe mdai wenyewe, wasimtie fedha mkononi. Saa za hatari ni jioni na mwisho wa juma. Afadhali acheze mpira uwanjani kuliko kuutazama. Majuma ya kwanza huenda akawa na hasira na kukosa usingizi, pengine hata kuanguka. Akianguka, deni liandikwe upya palepale, na namba ya siri ibadilishwe.